Sura ya Kumi na Tisa Imeganda

Jumatatu, 4 Machi

Asubuhi: mawingu mazito, upepo wa baridi, mvua inatishia tu bila kunyesha. Hali nzuri ya kusoma. Hali nzuri pia ya kucheza. Hiyo ndiyo shida yangu yote kwa kifupi.

Nimeandika ratiba mpya, mistari kwa rula. Mapumziko ya mchana kazini: riwaya. Jioni za Jumanne na Alhamisi: mchezo. Jioni nyingine zote: riwaya. Usingizi utajitafutia nafasi. Ratiba ya mwezi uliopita ilishindwa kwa sababu niliiandika kwa penseli.

Hali ilivyo. Jumamosi, Chama cha Kusoma kinakutana kujadili riwaya ya mjane na bwawa, kitabu kinene kama tofali. Mikutano miwili iliyopita nilifika sijamaliza kitabu. Mara ya tatu, kwa kanuni za chama, mtu "anapumzishwa". Kupumzishwa maana yake kabati la chama linafungwa mbele ya pua yako. Na riwaya za mji huu zote zimo humo. Madukani kuna vitabu vya mitihani na kalenda. Nikikosa kabati nitabaki kusoma maandishi ya kwenye pakiti za sabuni.

Kwa nini sikumaliza vile viwili? Kwa sababu ya mchezo. Sijutii hata kidogo. Mimi ndiye Msimulizi. Wachezaji wangu watatu wanaketi mezani, kila mmoja amebeba mhusika wake. Nawaambia wapo wapi na wanaona nini, wao wananiambia wanafanya nini, na dadu la pande ishirini linaamua kama wamefaulu. Kuandaa jioni moja ya namna hiyo kunakula jioni tatu za kusoma. Na nikishika riwaya nzuri, mchezo haujiandai.

Wifi yangu, mke wa Kaka, naye ni mwanachama. Mtunza kabati anahama kwenda kuishi kwa binti yake, na Wifi ametangaza kwamba anautaka ufunguo. Leo alinisimamisha getini na kuniambia, kwa sauti ya mtu aliyekuja kuhani, kwamba madadu ni ya watoto, na kwamba akiushika ufunguo atanikumbuka. Atanikumbuka! Kama marehemu.

Nilipanga kuishia sura ya kumi na tatu. Nimeishia ya kumi na nane. Vyombo havijaoshwa. Ushindi.

Jumanne, 5 Machi

Asubuhi: jua kali, anga safi. Haikunionya lolote.

Maafa. Niandike kwa utaratibu.

Kazi yangu ni karakana ya meno ya bandia. Nachanganya plasta, naimimina kwenye alama ya ufizi wa mgonjwa, inaganda, napata umbo la kinywa chake. Plasta haina subira. Ukiikoroga una dakika chache tu. Mchana nilikuwa peke yangu, kitabu kimesimama kimeegemea boksi la magego. Sura ya kumi na tisa. Mjane amesimama kwenye lango la bwawa, ufunguo mkononi. Baraza limepiga kura kumnyang'anya. Karani wa baraza anapanda ngazi na taa. Nikanyoosha mkono kufungua ukurasa. Mkono ulikuwa na bakuli.

Plasta yote juu ya kitabu. Niliona. Nilielewa. Nikasema nimalizie kwanza aya.

Aya ilikuwa ndefu.

Kuanzia sura ya kumi na tisa hadi jalada la nyuma, kitabu cha chama sasa ni kipande kimoja. Cheupe, laini, hakina hata kipovu kimoja cha hewa. Ndiyo plasta safi kuliko zote nilizomimina mwaka huu. Fundi Mkuu alipita, akaigonga kwa kifundo cha kidole, akauliza ni taya la nani. Nikasema mteja wa nje ya mji. Akasema huyo mtu lazima anaongea sana.

Nilijaribu mvuke wa birika. Jalada likabanduka, plasta ikabaki. Nilijaribu patasi. Baada ya jitihada kubwa nikapata kipande cha karatasi chenye neno moja: "hatimaye".

Kuazima nakala nyingine haiwezekani. Zote ziko kwa wanachama, na nani atakayeniazima asiulize yangu iko wapi? Kuharibu kitabu cha chama ni kosa kubwa kuliko kutokimaliza. Sasa nina yote mawili.

Ndipo nikapata wazo. Nikiwa nanawa mikono! Wazo kubwa kuliko yote niliyowahi kupata, na nimepata mengi.

Mtunzi wa riwaya ni nani? Ni mtu anayewaweka watu mahali pabaya kisha anatazama watafanya nini. Na mimi kila Jumanne nafanya nini? Basi. Jioni hii nawaweka wachezaji wangu kwenye lango la bwawa, mmoja mjane, mmoja karani, mmoja mama mkwe wa mjane. Wacheze mpaka mwisho. Watu wa tabia zilezile, pabaya palepale, lazima wafike mwisho uleule, au jirani yake. Jumamosi nausimulia kama nilivyousoma. Kucheza kumekuwa kusoma. Ratiba mbili zimekuwa moja. Sijui kwa nini wenye vyuo hawajaligundua hili.

Jumatano, 6 Machi

Asubuhi: ukungu. Unafanana na hali ya mambo.

Jana tulicheza dukani kwa Fundi Kufuli, baada ya kufunga, funguo zimening'inia ukuta mzima. Mahali pazuri kwa hadithi ya ufunguo. Ili walichukulie jambo kwa uzito, niliwaambia kisa kinatoka kwenye kitabu cha chama, neno kwa neno.

Kaka alidai awe mjane. Kaka anauza matairi na ana ndevu mpaka kifuani. Nikamwachia. Fundi Kufuli akawa karani. Nesi, rafiki yangu wa tangu sekondari, akawa mama mkwe.

Nilieleza lango, giza la maji, taa inayopanda ngazi. Nilieleza vizuri sana, mpaka mwenyewe nikasisimka. Nikauliza: mjane, unafanya nini?

Kaka akafikiri, akauliza kama bwawani kuna samaki.

Badala ya kusema hakuna, nikamwambia arushe dadu. Likatua ishirini. Wapo, tele!

Jioni yote ikaenda kwenye biashara ya samaki. Mjane akashona nyavu kwa pazia la marehemu mumewe. Mama mkwe akajenga vichanja vya kukaushia. Karani, aliyetumwa kunyang'anya ufunguo, akaomba kazi. Niliwaonya kwamba baraza zima linakuja na marungu. Wakaliuzia baraza samaki. Hakuna aliyeligusa lango.

Leo nilikutana na Wifi sokoni. Akasema yuko karibu kumaliza kitabu, na mimi je. Nikasema niko sura za mwisho. Akaniuliza kama nililia kwenye sura ya ishirini na mbili. Nikasema sana. Akaniuliza ni pale pa mjane au pa mama mkwe. Nikasema pote pawili. Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayehifadhi kitu. Hakika anataka kunipima. Lakini nimempita kwa mbali.

Alhamisi, 7 Machi

Asubuhi: mvua ya kweli, ya kupiga mabati.

Nimejipanga. Kabla ya kila kitu nimewaua samaki. Ugonjwa wa gamba, wote, kwa usiku mmoja. Nesi alilalamika kwamba vichanja vimeachwa vitupu na mama mkwe amedhalilika. Nikamwambia ahamishie uchungu wake kwenye lango.

Akauhamisha! Sijawahi kuongoza jioni kama hii.

Baraza likafika. Karani akasukumwa mbele kuuchukua ufunguo kwa nguvu. Nikamwambia Fundi Kufuli arushe dadu la ujasiri. Akasema hatarusha, anataka kuzungumza. Akamtazama Kaka usoni, na mvua inapiga nje, akamwambia kwamba tangu siku ya kwanza ya nyavu hajalala vizuri, na anaomba amwoe.

Kaka akavuta ndevu. Akasema mjane anataka aone magoti chini. Fundi Kufuli, mtu mzima mwenye watoto wanaosoma sekondari, akapiga magoti sakafuni kwake mwenyewe, kwenye unga wa shaba wa funguo.

Hapo Nesi akasimama. Sauti yake ilikuwa ileile anayowafukuzia wageni wodini muda ukiisha.

"Udongo wa kaburi la mwanangu haujakauka, na wewe unamposa mkewe mbele yangu, kwenye bwawa lake?"

Akasema anavuta mtaimbo wa lango. Dadu likatua moja. Kwa kanuni zetu, moja ni balaa. Lango likafunguka lote, halikufungika tena. Maji yakashuka bondeni, yakang'oa ofisi ya baraza na misingi yake. Mama mkwe alichukuliwa na maji akiwa ameketi wima juu ya mlango wa ofisi, mwavuli mkononi. Watu wa bonde la chini walipomwona anakuja na mlango wa serikali walimfanya mwenyekiti papo hapo. Juu wakabaki mjane na karani, wameshikana mikono, na ufunguo wa bwawa lisilo na maji.

Kaka alijifuta macho kwa ncha ya ndevu, akasema kumbe kusoma vitabu ni hivi.

Ndiyo, Kaka. Ni hivi.

Ijumaa, 8 Machi

Asubuhi: kumetulia, majani yanadondosha maji.

Nimefanya mazoezi ya kusimulia mbele ya kioo. Nimeondoa samaki. Hakuna mtunzi mwenye akili timamu ambaye angeweka samaki. Nimeongeza machozi ya mjane kwenye sura ya ishirini na mbili.

Kaka alipita karakana. Ana furaha isiyo ya kawaida. Anasema siku hizi Wifi anamngoja na chai, anamketisha, anamuuliza mchezo umefikia wapi, nani kasema nini, ikawaje baadaye. Miaka yote ya ndoa hajawahi kumsikiliza hivyo. Juzi hata alikuwa akiandika.

Mchezo wangu umeitengeneza ndoa ya watu! Na hakuna atakayenishukuru.

Kitabu nimekifunika kwa karatasi ya kaki, nikakifunga uzi. Kwa nje ni kitabu kilichotunzwa. Ni kizito kidogo tu. Bado sijui nitakirudishaje bila mtu kukifungua. Nikakumbuka kwamba mambo yangu huwa yanajipa.

Jumamosi, 9 Machi

Asubuhi: kweupe, upepo mwororo. Siku ya hukumu ilivaa vizuri.

Tulikutana chumba cha juu, juu ya duka la vifaa vya shule. Kabati ukutani, ufunguo mezani mbele ya Mwalimu, mwalimu mstaafu, mwenyekiti wetu. Mwalimu alionekana mchovu. Wote walionekana wachovu. Mfamasia tu, mwanachama mpya, mama mpole anayeketi karibu na dirisha, ndiye aliyekuwa na macho maangavu.

Mwalimu akasema kwamba kwa sababu ya mambo ya siku za nyuma, na hapo akanitazama, leo kila mtu ataeleza mwisho wa kitabu kwa maneno yake. Asiyeweza, apumzike. Atakayeeleza vizuri zaidi atapewa ufunguo.

Nikanyoosha mkono. Wifi alikuwa ameshanyoosha.

Akasimama, akashika nakala yake kifuani bila kuifungua, akaanza. Lango. Taa. Karani anapanda ngazi. Nikasema moyoni nimekwisha, kakisoma kweli, atauharibu mwisho wangu kwa ule wa kweli.

"Ndipo mjane," Wifi akasema, "akauliza kama bwawani kuna samaki."

Nilikaribia kuanguka na kiti.

Akaendelea! Nyavu za pazia. Vichanja. Ugonjwa wa gamba, ambao aliuita ishara ya kifo cha matumaini. Karani kupiga magoti. Udongo wa kaburi haujakauka, neno kwa neno, kwa sauti ya Nesi iliyopitia kwa Kaka. Mama mkwe juu ya mlango! Ilikuwa riwaya yangu nzima, na mwavuli wake.

Wifi hajasoma kitabu. Hajasoma hata robo! Amekinywa chote kutoka kwa Kaka, kikombe kwa kikombe.

Nikawatazama wengine. Nilitegemea kelele. Waliitikia kwa vichwa. Mtunza kabati alisema hapo pa mlango ndipo alipolia yeye pia. Mwalimu akavua miwani, akaipangusa, akasema ndivyo hasa alivyouelewa mwisho huo, ingawa kwake samaki walikuwa na maana pana zaidi.

Hakuna aliyesoma. Chumba kizima! Chama chote cha Kusoma!

Kisha Mfamasia akauliza, kwa upole, mbona chake hakina gharika. Akafungua ukurasa wa mwisho. Akasema kwake mjane anaukabidhi ufunguo bila neno, anahamia kwa dada yake, analima vitunguu.

Nilimwona Wifi akipauka. Alinitazama, nami nikamtazama. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe na Kaka, tulielewana kabisa.

Ningeweza kumwangusha. Lakini angeanguka na mimi. Nikasimama. Nikasema kwa masikitiko kwamba makosa ya kiwandani yapo, kuna nakala zinazotoka na kurasa za kitabu kingine. Nikauliza wenzangu: mwanamke aliyebeba ufunguo sura kumi na nane, aende kulima vitunguu? Mzee mmoja akasema haiwezekani. Wifi akasema yeye angerudisha kitabu cha namna hiyo. Mwalimu akasema vitunguu havina uhusiano wowote na yaliyotangulia. Nikaongeza machozi ya mjane ya sura ya ishirini na mbili, na jinsi karani alivyoitupa taa yake majini. Hilo la taa nililibuni palepale. Wakapiga makofi.

Mfamasia akaangalia kitabu chake, akaomba radhi kwa usumbufu.

Mwalimu akapendekeza nakala zote zikaguliwe kabla ya kurudi kabatini, na mtunza kabati mpya awe mtu mwenye jicho la kutambua kasoro. Wifi akafungua mdomo. Nikamnong'oneza kwamba mjane alikuwa mzuri sana leo, ampongeze Kaka. Akafunga mdomo.

Ufunguo ninao! Nakala zote nilizipokea mimi, nikazikagua mimi. Ya kaki imeingia rafu ya chini, nyuma kabisa, kwa mkono wangu mwenyewe.

Jumapili, 10 Machi

Asubuhi: jua la kupendeza, ndege wengi, hata paka wa jirani alinisalimia.

Mfamasia alikuja nyumbani mchana. Nilimkaribisha. Alikunywa chai, akasifu mapazia. Nikaanza kumweleza habari za viwanda vya vitabu. Akaniacha nimalize. Kisha akaweka kikombe chini.

"Dada, nakala yangu haina kasoro. Nimeisoma mara mbili, na vitunguu vile vilinikasirisha mara zote mbili. Yule mama mkwe wa kwenye mlango nani alimtoa wapi?"

Nikamwambia. Sikuwa na njia nyingine. Nikamweleza meza, dadu, duka la kufuli, Kaka na ndevu zake. Nilingoja aseme atakwenda kwa Mwalimu. Akauliza tunakutana siku gani, na kama kuna kiti.

Kiti kipo!

Hata hivyo, akataka ahadi moja. Kitabu cha mwezi ujao, akasema, nikisome chote, mpaka mwisho, mimi mwenyewe, kwa macho yangu, kwa sababu chama kinahitaji walau watu wawili wanaosoma. Nikaahidi. Niliahidi kwa moyo wote. Nimetikiswa kweli, na mtu akitikiswa hubadilika.

Kitabu cha mwezi ujao kina juzuu mbili. Nimezitazama juzuu hizo kwa heshima, nikaziweka kando ya kitanda. Nimeandika ratiba mpya, safari hii kwa wino wa rangi mbili. Jumanne na Alhamisi: mchezo. Ijumaa pia, kwa sababu Nesi ameniomba niwe Msimulizi wa kundi la wodini kwake, nami nilishasema ndiyo kabla hajamaliza kuomba. Jioni zinazobaki: juzuu ya kwanza. Juzuu ya pili nimewagawia Mfamasia na wachezaji wenzake. Wataanza kuicheza keshokutwa. Kwa hesabu zangu, tutakutana katikati.

Kisha jioni nikaenda kufungua kabati la chama, kwa kazi rasmi ya ukaguzi, nikatoa riwaya ambayo haihusiani na lolote kati ya haya, ili nisome ukurasa mmoja tu kabla ya kuzima taa. Sasa ni saa kumi na robo alfajiri, na taa bado inawaka.